Kidole cha Mama

Jumanne, 5 Novemba

Sauti moja haijanitoka masikioni tangu asubuhi: mtu anafyonza kokwa la embe. Si kula. Ni kule kufyonza kwa mwisho, nyama imeshakwisha, zimebaki nyuzi, meno yanakwangua na ulimi unavuta. Ilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha kumenyea. Nilipogusa kitasa, ikakatika.

Ndani walikuwa wawili, kama kila siku ya kazi: Mama na mdogo wake, ambaye mimi namwita Mama mdogo. Mmoja huku, mmoja kule, meza ya chuma katikati na ndoo ya maganda chini yake. Mama mdogo alivaa glavu, maana utomvu wa maembe humtoa vipele. Mama alikuwa mikono mitupu, amesimama karibu na mlango wa uani. Hukataa glavu. Anasema asipoligusa embe hajui kisu akipitishe wapi.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu Mama mdogo. "Msomi kaamka! Sisi tulidhani leo tukuletee chakula cha mchana kitandani."

Niliitazama midomo yao. Yote ilikuwa mikavu.

Mwezi wa nane Mama alikutwa na kisukari. Daktari akampa vidonge, akamwambia apunguze wanga na awe mwangalifu hasa na matunda. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa neno dogo. Mama anaishi kwa matunda. Yeye na Mama mdogo huyamenya kabla jua halijatoka, huyakata vipande, huyajaza kwenye vikombe vya plastiki, na saa mbili huja kijana wa pikipiki kuvipeleka maofisini. Tunamwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Siku sita kwa wiki, Jumapili wanapumzika. Msimu huu ni embe juu ya embe, na nyumba nzima inanukia utamu.

Chuo nimemaliza. Kuna shule imeniahidi kazi kuanzia Januari, mbali na hapa, na sijawajibu. Nimerudi kumlinda Mama. Anaapa kwamba hajaonja embe tangu siku aliyoambiwa. Wakati anaapa, mimi nasikia kokwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimesoma kila nilichoweza kupata, kisha nikaandika kwa kalamu nene na kubandika ukutani juu ya meza ya kumenyea. Parachichi, ruhusa. Pera, ruhusa, bora liwe gumu kidogo na liliwe na mbegu zake. Stroberi, ruhusa, zikipatikana. Limau, ruhusa. Papai, kipande cha kiganja, baada ya chakula. Tufaha dogo, nusu. Embe, ndizi mbivu, zabibu, nanasi: hapana. Juisi ya aina yoyote: hapana, hata kwa kuonja.

Mama mdogo aliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio mpaka mwisho.

"Limau ruhusa!" akasema. "Dada, umepona. Utakuwa unakula malimau huku unacheka."

"Mama mdogo, hili si la mzaha."

"Na mimi sifanyi mzaha. Nauliza tu, hii ni nyumba au kituo cha polisi?"

Mama alikuwa anafuta kisu. "Mwache," akasema. "Mtoto akianza kukuchunga, ujue umezeeka."

Tangu hapo Mama mdogo ananiita Inspekta.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimenunua mashine ya kupimia sukari. Ndogo, inaenea kiganjani, na vijiti vyake na visindano. Niliamka mapema nikaingia chumba cha kumenyea bila kubisha. Mama alikuwa hajapata kifungua kinywa, na kipimo cha kabla ya kula ndicho kisichodanganya.

"Mama, lete kidole."

"Ngoja ninawe." Akageuka kuelekea mlango wa uani.

Nikamwahi. Bombani mtu hunawa mikono, na bombani mtu husukutua mdomo. Nami nilitaka kumkuta vilevile alivyo.

"Hakuna haja," nikasema. "Spiriti inaua kila kitu."

Nikamfuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, nikachoma, nikaminya tone. Mashine ikafikiri kidogo. Kabla ya kula isizidi saba, ndivyo daktari alivyosema. Ikaandika 12.9.

"Umekula nini tangu uamke?"

"Maji."

"Mama."

"Nimekwambia maji, mwanangu."

Mama mdogo aliendelea kukata nanasi. Hakuinua macho hata kidogo. Mtu asiye na lake angeinua.

Jumapili, 10 Novemba

5.9. Leo hawakumenya.

Jumatano, 13 Novemba

Jumatatu 13.1. Jana 12.4. Leo 13.7. Kila mara ananiambia ngoja ninawe, na kila mara nasema hakuna haja.

Chakula chake cha usiku nakipika mimi. Mboga, mayai, samaki, parachichi nusu. Analala, anaamka, anaingia chumba kile, na sukari inakuwa maradufu ya ile ya Jumapili. Hata asiyejua hesabu angejumlisha.

Walipokwenda kuoga niliinamia ndoo ya maganda. Sioni aibu kuliandika hili. Makokwa mengi yalikuwa na nyama bado, kama inavyokuwa embe likikatwa kwa kisu. Manne yalikuwa meupe, safi, yamefyonzwa mpaka nywele zimesimama.

Nimeyarudisha ndani ya ndoo na kuyafunika kwa maganda.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilimsindikiza Mama sokoni. Nilitaka kuona anavyochagua.

Lazima niseme kweli, kumtazama Mama akichagua tunda ni kumtazama mtu akimsikiliza mtoto wake. Hapapasi ovyo. Analiinua pera, analipeleka puani upande wa kikonyo, kidole gumba kinakandamiza mara moja tu, basi. "Hili litakuwa tamu kesho kutwa," akaniambia, akaliweka pembeni. "La kisukari chetu ni hili. Bado linabishana na kidole." Parachichi alilitikisa karibu na sikio. Stroberi aliziangalia chini ya kikapu, si juu. Alicheka na watu. Nikasahau kwa muda kwamba niko kazini.

Kisha muuza maembe akamwita. "Mama, yale yako nimekuwekea kando."

"Yapi?" nikauliza.

Muuzaji akamtazama Mama kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Yaliyoiva sana," Mama akasema. "Ya kutia kwenye vikombe. Wa ofisini hawataki embe la kutafuna."

Jibu zuri. Lilikuja haraka mno.

Jumatatu, 18 Novemba

13.2. Mvua tangu alfajiri. Vikombe vilichelewa na Breki akaanguka kwenye tope, yeye mzima, mananasi hoi.

Jumapili, 24 Novemba

5.6. Jumapili ya tatu mfululizo iliyo safi. Siku ambayo maembe hayapo, Mama ni mzima. Siku maembe yapo, Mama ni mgonjwa. Ushahidi gani tena?

Jana nilimwona Mama mdogo nyuma ya tangi la maji, ameinama, kanipa mgongo, mabega yanacheza. Nilipokohoa akanyooka na mkono ukaenda nyuma.

"Unakula nini, Mama mdogo?"

"Natafuna maneno yangu, Inspekta. Nisije nikakutemea."

Zamani huyu mtu nilimpenda kuliko shangazi zangu wote. Alinibeba mgongoni, alinifundisha kupiga mluzi. Sasa naangalia mkono wake unaokwenda nyuma na kujiuliza anampa Mama mangapi kwa siku, na kwa nini. Kwa huruma? Kwa ujinga? Au anataka biashara ibaki mikononi mwake? Najua wazo hilo la mwisho ni baya. Limekuja lenyewe na halitaki kuondoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nimempigia simu mjomba, kaka yao mkubwa. Nimemwambia yote.

Jumanne, 26 Novemba

Kliniki. Daktari ni mwanamke mwenye haraka, lakini namba zangu alizisoma moja moja. Alisema mwenye mtoto kama mimi ana bahati. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama, asubuhi unakula nini kabla ya kupimwa?"

"Sili kitu, daktari."

Daktari akanitazama. Nikatazama sakafu. Mama aliyaona macho yetu yakikutana na kuachana. Aliunganisha mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Kile kipimo kikubwa cha damu, kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, hakikuwezekana. Vifaa vimekwisha, turudi baadaye. Kwa namba zilizopo, daktari ameongeza vidonge. Alikuwa anameza kimoja, sasa viwili asubuhi na viwili jioni.

Tulipofika mlangoni Mama alinigeukia.

"Ulikuwa na haja gani ya kutazama chini?"

Ijumaa, 29 Novemba

Mjomba amepiga. Nilisikia upande mmoja tu. Mama alisimama katikati ya sebule, simu sikioni, anaitika ndiyo kaka, sawa kaka, hapana kaka. Alipomaliza alikuja mpaka kwenye mlango wa jikoni nilipokuwa naosha mapera.

"Umenisemea kwa kaka yangu."

"Nimeogopa, Mama."

"Ananiuliza kama nataka wanizike kwa ajili ya embe. Mimi. Nimewazika wazazi wetu, nikakusomesha wewe kwa kisu changu, leo naulizwa kama mtoto aliyeiba sukari kabatini." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na mdogo wangu ameambiwa ananilisha sumu. Hilo nalo ulilisema?"

Nililisema. Sikulisema kwa neno hilo, lakini nililisema.

Mama mdogo hakuja kula usiku.

Alhamisi, 5 Desemba

13.0. Vidonge viwili viwili na bado 13.0! Basi wameongeza na wao kula.

Mama anatoka jasho. Saa nne hivi, kazi imekwisha, amekaa kwenye kigoda na mikono inamtetemeka mpaka akashindwa kufunga kifuniko cha ndoo. Anasema njaa inamuuma, njaa ya ajabu. Nilimpa pera moja gumu na maji. Nikamwambia ni sukari hiyo, iko juu, mwili unalalamika. Alilila pera kama mtu aliyefunga siku mbili.

Nalala na wazo kwamba kijasho kile ni cha mtu anayeficha jambo.

Jumapili, 8 Desemba

3.8! Chini kuliko siku zote. Nilifurahi nikakaribia kumkumbatia. Mama amelala karibu siku nzima.

Jumatano, 11 Desemba



Asubuhi walikuwa na vikombe vingi kuliko kawaida. Mama alimeza vidonge vyake mbele yangu, kama ninavyotaka, akasema atakula akimaliza tenga moja. Mimi nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, kama ninavyokaa siku hizi, nikiwatazama. Kisu, ganda, kisu, ganda.

Mama alishika embe akaligeuza. Akaligeuza tena. Alilitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Kisu kikamdondoka kikalia kwenye sakafu.

"Nani kazima taa?" akauliza.

Jua lilikuwa limejaa dirishani.

"Dada?" Mama mdogo akasema.

Shati la Mama lilikuwa limelowa mgongo mzima. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Alitabasamu kwa mtu asiyekuwepo, magoti yakakunjika, akakaa chini kando ya ndoo, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Mama mdogo alimdaka kichwa kisigonge meza. Mimi nilikimbilia mashine.

Hilo ndilo nililokimbilia. Nilipiga magoti, nikashika kidole chake, nikafuta kwa spiriti, nikachoma. Mashine ikachukua muda wake. 13.8.

Nilipoinua kichwa, Mama mdogo alikuwa na jagi. Chini ya mbao ya kukatia huwa wanaweka sinia, maji ya maembe yanachuruzika humo, wanayachuja kwenye jagi kwa ajili ya wateja. Alikuwa amejaza kikombe mpaka juu.

"Weka chini!"

"Toka njiani."

"Mama mdogo, ni kumi na tatu! Sukari iko juu! Ukimpa hiyo unammaliza!"

"Mashine yako ibaki na namba zake. Mimi namwona dada yangu. Tangu mmwongezee dawa ni mtetemo na jasho, akipata chakula anatulia. Toka!"

Nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu gani, sijui. Nilikuwa na hakika kabisa, hakika kuliko jambo lolote maishani mwangu, kwamba namwokoa Mama. Tulivutana juu yake kama watoto wanaogombea kamba. Kisha Mama mdogo akachomoa mkono wake, nikabaki nimeshika glavu tupu, inateleza, na yeye tayari ameinua kichwa cha Mama kwenye mapaja yake.

"Kunywa, dada. Kidogo kidogo. Hivyo. Kunywa, mama yangu."

Mengi yalimwagika shingoni. Mengine yaliingia. Mimi nilisimama pale nikimngoja Mama afe, na nikingoja niwe sahihi.

Kikombe cha pili kilipofika nusu Mama alifumba macho, akayafumbua, akautazama mkono wa mdogo wake.

"Glavu yako moja iko wapi?" akauliza. "Utatoka vipele."

Mama mdogo akaanza kulia.

Breki alitupeleka hadi barabarani kutafuta gari. Kliniki wakamlaza kitandani, muuguzi akamfuta Mama uso, shingo na mikono kwa kitambaa cha maji ya sabuni maana alinata mwili mzima, ndipo akampima. 6.1. Daktari akaniuliza ilikuwa ngapi nyumbani, kabla ya juisi. Nikamwambia. Akauliza mara ya pili.

"Haiwezekani," akasema. "Anywe juisi vikombe viwili, ishuke? Dalili zote hizi ni za sukari kushuka sana. Angecheleweshwa kidogo tungekuwa tunaongea mengine." Alipunguza vidonge papo hapo, akatoa damu kwa ajili ya kile kipimo kikubwa, vifaa vimefika. "Na hiyo mashine yenu, iangalieni."

Mashine. Nikapata cha kushuku, nikashukuru.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama bado kliniki kwa uangalizi, Mama mdogo yuko naye. Matenga ya jana yalikuwa pale pale mezani na maembe yanaanza kulegea. Niliona ni dhambi yaoze. Nikafunga kitambaa kichwani nikaanza kumenya, mikono mitupu, maana glavu sikuweza kuzitazama.

Kumenya kwangu ni kubaya. Maji yalinitiririka hadi viwiko. Baada ya tenga la kwanza nilikumbuka mashine, nikaileta mezani. Mimi ni mzima, sijala tangu jana jioni. Nikasema, kama imeharibika, leo itajitaja.

Nikafuta kidole kwa spiriti vizuri, kama ninavyomfuta Mama. 14.4.

Kwanza nilifurahi: mbovu! Kisha nikaogopa: au na mimi nina kisukari? Nikafuta kidole kingine, mara mbili, nikachoma. 11.7. Kijiti cha tatu kikanigandia kwenye kidole gumba, hakitoki, hivyo ninavyonata. Nikatoka kwenda bombani kunawa ili nikishike vizuri.

Nilinawa kwa sabuni. Nikafuta. Nikarudi nikapima.

4.9.

Nilikaa kwenye kigoda cha Mama. Sikuhitaji kijiti kingine, lakini nilichovya kidole kwenye sinia ya maji ya maembe, nikakifuta kwa spiriti, nikapima tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Namba ikarudi juu.

Sukari ilikuwa ya embe. Ilikuwa juu ya ngozi, si ndani ya damu. Spiriti iliifuta nusu na kuacha nusu, na tone la damu likaibeba. Siku sita kwa wiki Mama alinipa kidole kilichotoka kumenya, na Jumapili alinipa kidole kitupu.

Nilimshuku Mama. Nilimshuku mdogo wake. Nilimshuku muuza maembe na mashine. Akawa amebaki mtu mmoja.

Jioni nilikwenda kliniki nikawaambia wote wawili, nimesimama mwisho wa kitanda. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, kama somo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaangalia mikono yake juu ya shuka.

"Nilikuomba ninawe," akasema. "Kila siku nilikuomba."

Jumamosi, 14 Desemba

Majibu ya kipimo cha miezi mitatu yametoka. Ni mazuri, na Mama ameruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alisema Mama ni mtu mwenye nidhamu kubwa. Mama hakunitazama, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenitazama.

Nilimpigia mjomba, nikaweka simu kwa sauti ya juu sebuleni, wote wakisikia. Nikamwambia Mama hakuonja hata kipande, Mama mdogo ndiye aliyemwokoa, na mimi ndiye niliyezuia mkono wake. Mjomba akasema, "Basi niombee radhi kwa dada zangu." Mama mdogo akajibu kwa mbali, "Njoo uombe mwenyewe, na uje na mbuzi!" Mama akacheka. Hakucheka nami, lakini nilikuwepo chumbani.

Baadaye nilimfuata Mama mdogo uani.

"Yale makokwa meupe," nikasema. "Na pale nyuma ya tangi."

"Ndiyo. Mimi."

"Kwa nini unajificha?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama pera liko tayari. "Mamako anapenda kokwa kuliko nyama. Tangu utoto tuligombania makokwa. Sasa nifyonze mbele yake, yeye anameza mate na kufuta kisu? Akitoka uani nafyonza haraka, nikisikia hatua zake natupa. Nikisikia zako natupa. Sikujua ni zipi ni za nani."

Sauti ile, basi, ilikuwa adabu.

Jumapili, 22 Desemba

5.4. Amejipima mwenyewe. Kaniambia namba bila kuulizwa, halafu akaondoka.

Jumamosi, 28 Desemba

Leo nimejikuta nimesimama nje ya mlango wa chumba cha kumenyea, sikio kwenye mbao. Sikuwa nimepanga. Mama ananawa kabla ya kupima, kipimo kikubwa kimemsafisha mbele ya wote, najua ninachojua, na bado miguu ilinipeleka pale. Nilisimama muda mrefu. Ndani walikuwa wanaongea bei ya vifuniko.

Breki alinikuta. "Dada, umepoteza kitu?"



Jumatatu, 6 Januari

Kabla sijaondoka nilibandua karatasi yangu ukutani. Gundi imeacha alama nne ambazo hazitoki. Ndoo ya maji na sabuni nimeiweka ndani, kando ya meza, si bombani. Mashine, vijiti na visindano nimempa Mama mkononi, na si Mama mdogo wala mjomba. Alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka kwenye droo ya visu vyake.

"Na huko uendako nani atakupikia?" akauliza. Ndilo swali lake la kwanza refu tangu Desemba.

"Nitajipikia."

"Hujui hata kuchagua pera." Akanifungia saba kwenye mfuko, moja la kila siku, akaniambia lipi la leo na lipi la mwisho. Mama mdogo aliongeza embe moja kubwa, akasema hilo halina ratiba.

Jana niliwahi basi la kwanza. Leo asubuhi nimeripoti shuleni na kutia saini. Chumba nilichopewa kina dirisha moja na meza inayoyumba. Niliamua njiani, nikiwa nimeegemeza kichwa kwenye kioo, kwamba sitauliza tena. Nikiambiwa namba nitasikiliza. Kuuliza, hapana.

Jioni hii nimepiga simu. Mama ameongea nami kuhusu mvua, kuhusu Breki aliyenunua pikipiki nyingine isiyo na breki, kuhusu maparachichi ya msimu huu yaliyo na maji mengi. Alikuwa chumba cha kumenyea, nilisikia mwangwi wa meza ya chuma. Na katikati ya maneno yake, kila aliponyamaza, karibu sana na simu, kulikuwa na mtu anafyonza kokwa la embe, polepole, bila wasiwasi wowote. Sikuweza kujua ni nani. Palikuwa na kimya kirefu cha kutosha mtu kuuliza, na Mama, nadhani, alikuwa anakingoja.

Nikamwambia pera la leo lilikuwa tayari, kama alivyosema. Tukaagana. Sikuuliza.